Maji ya Moto Nyumbani: Boila Lifungwe na Kuwashwa kwa Usalama



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi kali katika nyanda za juu, na kila familia hutafuta maji ya moto. Mama aliyejifungua anayahitaji, mtoto mchanga anayahitaji, bibi mwenye maumivu ya viungo naye hawezi kuoga bila hayo. Sisi tunaofanya kazi wodini tunaijua miezi hiyo kwa jambo jingine: watoto walioungua kwa maji. Mmoja amevuta sufuria kutoka mafigani. Mwingine amedumbukia katika beseni ambalo mama alitangulia kutia maji ya moto, kisha akaenda kuchota ya baridi. Wa tatu amegongana mlangoni na dada yake aliyebeba ndoo ya maji yanayochemka.

Kwa sababu hiyo familia nyingi zinapopata uwezo huamua kufunga boila la kuni au la umeme, ili maji ya moto yatoke bombani. Huo ni uamuzi mzuri, kwani sufuria la maji yanayochemka halitapita tena ukumbini. Lakini yafaa tufahamu kwamba boila haliondoi hatari yote. Hatari nyingine linaihamisha: kutoka mafigani kwenda kwenye bomba, kwenye tangi na kwenye moshi. Boila lililofungwa vibaya laweza kuunguza, kutoa hewa ya sumu, au hata kupasuka. Mwezi huu tutazame jinsi linavyofanya kazi, linavyofungwa, linavyowashwa mara ya kwanza, na la kufanya mtu akiungua.

BOILA HUFANYAJE KAZI?

Boila la kuni ni chombo cha chuma chenye maji, kilichojengewa juu ya moto. Mabomba mawili hukiunganisha na tangi la maji ya moto lililowekwa juu zaidi. Maji yakipata moto huwa mepesi, hivyo hupanda kwa bomba la juu na kuingia katika tangi. Maji ya baridi, ambayo ni mazito, hushuka kwa bomba la chini na kurudi kwenye moto. Mzunguko huo huendelea wenyewe bila pampu, maadamu moto unawaka na maji yamo.

Kuna mambo mawili ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kuyajua. La kwanza, maji yakipata moto huongezeka. Lita 100 za maji ya baridi, zikifikia nyuzi 60 za sentigredi, huongezeka kwa lita moja na nusu hivi. Maji hayo ya ziada lazima yapate pa kwenda. La pili, maji yakigeuka mvuke huongezeka kupita kiasi: lita moja ya maji huwa kiasi cha lita 1,600 za mvuke. Chombo kilichozibwa pande zote, chenye moto chini yake, hakiwezi kustahimili nguvu hiyo. Kitapasuka, na sehemu ya maji yaliyomo itageuka mvuke kwa mara moja. Ndiyo maana boila halifungwi kama chungu kilichozibwa mdomo. Lazima lipewe mahali pa kupumulia.

MAMBO YA KUZINGATIA WAKATI WA KUFUNGA

Kazi hii ni ya fundi bomba mwenye ujuzi, na kama ni boila la umeme, awepo pia fundi umeme. Hata hivyo baba na mama wa nyumba wasikae pembeni, maana wao ndio watakaoishi na kazi hiyo. Waangalie mambo haya:

1. Mahali pa moto. Boila la kuni lijengwe nje, katika kibanda chenye hewa, wala si bafuni au katika chumba cha kulala. Bomba la moshi lipande mpaka juu ya paa, mbali na madirisha.

2. Uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 150 likijaa lina kilo 150 za maji, ukiacha uzito wa tangi lenyewe. Mihimili ya dari iliyowekwa kubeba mabati haitoshi. Tangi lisimamishwe juu ya ukuta imara au mnara uliojengwa kwa ajili hiyo, wala lisiwekwe juu ya kitanda cha mtu yeyote. Mwaka 2006, katika mji wa Taunton huko Uingereza, kidhibiti joto cha hita ya umeme kiliharibika. Maji yaliendelea kuchemka na kumiminika katika tangi la plastiki lililokuwa darini, tangi likalainika na kuporomoka. Mtoto ambaye alikuwa bado hajatimiza mwaka mmoja, aliyelala chumba cha chini yake, alifariki.

3. Bomba la kupumulia. Hili ndilo uhai wa boila la kuni. Ni bomba lililo wazi, la robo tatu ya inchi au zaidi, linaloanzia juu ya tangi la maji ya moto na kupanda moja kwa moja mpaka juu kuliko usawa wa maji katika tangi la maji ya baridi. Lisiwe na koki yoyote. Lisizibwe kwa kizibo, kitambaa wala gunzi, hata kama linadondosha maji. Lisipinde kushuka njiani, kwa kuwa hewa itanasa hapo. Mdomo wake uelekezwe mahali ambapo maji yakimwagika hayatampata mtu.

4. Valvu ya usalama. Boila lililounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa lenye msukumo mkubwa halina bomba la kupumulia lililo wazi. Hilo lazima liwe na valvu ya usalama inayofunguka yenyewe msukumo au joto likizidi. Bomba la kutolea maji ya valvu hiyo lishuke mpaka karibu na ardhi, nje, lisielekee njia ya watu. Usikubali valvu hiyo iondolewe au izibwe eti kwa sababu inavuja. Ikivuja, inakueleza kwamba kuna jambo. Kwa boila la kuni nyumbani, mfumo wenye tangi la juu na bomba lililo wazi ni salama zaidi, maana moto wa kuni hauwezi kuzimwa kwa swichi.

5. Mabomba. Mabomba ya plastiki ya maji ya baridi hulainika yakipitishwa maji ya moto. Kati ya boila na tangi la maji ya moto yatumike mabomba ya chuma peke yake. Kuanzia hapo kwenda bafuni yanaweza kutumika mabomba ya plastiki yaliyotengenezwa mahsusi kwa maji ya moto. Yapandishwe kwa mteremko mmoja, bila mabonde. Hali kadhalika fundi asiunganishe shaba na bomba la chuma lililopakwa zinki bila kiungo maalumu cha kuzitenganisha, kwa kuwa zinki italika haraka.

6. Umeme. Hita ya umeme iwe na waya wa ardhini, waya wake binafsi kutoka kwenye swichi kuu, na swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30. Iwe pia na vidhibiti joto viwili: kimoja cha kazi ya kila siku, na kingine cha kukata umeme endapo cha kwanza kitaharibika.

KUWASHA MARA YA KWANZA

Watu wengi hufurahia boila jipya na kutaka kuoga siku hiyo hiyo. Tusiwe na haraka. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio:

Kwanza, saruji ya mahali pa moto ipewe siku kadhaa kukauka.

Pili, safisheni mabomba. Fungueni maji yapite na kutoka mpaka yawe safi, ili mchanga, vipande vya chuma na mafuta ya kazi vitoke.

Tatu, jazeni maji polepole mkiwa mmefungua koki zote za maji ya moto. Hewa itatoka kwa kukohoa na kutema. Koki ikianza kutoa maji mfululizo bila kutema, ifungeni, mkianza na iliyo chini kabisa na kumalizia na ya juu. Msiwashe moto kabla kila koki ya maji ya moto haijatoa maji. Hiyo ndiyo dalili kwamba tangi na boila vimejaa.

Nne, kagueni kila kiungo kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, kuna mvujo. Yaachwe maji usiku kucha, kisha yakaguliwe tena asubuhi.

Tano, washeni moto mdogo wa kuni kavu. Tazameni moshi: upande juu kwa bomba lake. Ukirudi chini na kujaa kibandani, zimeni moto na kumwita fundi.

Sita, baada ya muda gusa kwa tahadhari bomba la juu na la chini. La juu linapaswa kupata joto kwanza, na la chini lifuate. Likiwa la juu ni moto sana na la chini limebaki baridi kabisa muda mrefu, maji hayazunguki. Mkisikia magongo ndani ya mabomba kama mtu anapiga nyundo, ondoeni kuni mara moja. Ama hewa imenasa, ama maji yanachemka ndani ya boila.

Saba, pimeni joto la maji yanayotoka bombani moto ukiwa umewaka vya kutosha. Msitumie kipimajoto cha homa, kwa sababu kinaishia nyuzi 42 na kitapasuka. Tumieni kipimajoto cha maji au cha jikoni.

Nane, maji ya siku ya kwanza yamwagwe. Na siku zote, maji ya bomba la moto yasinywewe wala kupikiwa uji wa mtoto. Maji ya moto huyeyusha madini ya mabomba zaidi kuliko ya baridi. Ya kunywa yachotwe kwenye bomba la baridi na kuchemshwa.

MAJI YAWE NA JOTO KIASI GANI?

Hapa pana jambo linalowatatiza wengi. Maji ya tangini yanafaa kufikia nyuzi 60. Sababu yake ni bakteria aitwaye legionela, ambaye huzaliana katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na huingia mapafuni kwa njia ya matone madogo madogo ya bafu la mvua. Alitambuliwa mwaka 1977, baada ya ugonjwa wa mapafu kuwashambulia watu waliokutana katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, na baadhi yao kufariki. Wazee, wavutaji sigara na wenye upungufu wa kinga ndio walio hatarini zaidi. Katika nyuzi 60 bakteria hao hufa.

Lakini nyuzi 60 huunguza. Watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walichunguza jambo hili na kutoa matokeo yao mwaka 1947. Kwa ngozi ya mtu mzima, maji ya nyuzi 49 huhitaji dakika 5 na zaidi ili kuunguza vibaya. Maji ya nyuzi 55 huhitaji nusu dakika hivi. Maji ya nyuzi 60 huhitaji sekunde 5 tu, na ya nyuzi 70 huhitaji sekunde moja. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na ya mzee vilevile, hivyo wao huungua mapema zaidi. Kumbukeni pia kwamba boila la kuni halina kidhibiti joto. Kuni zikizidi, maji ya bombani yanaweza kukaribia kuchemka.

Basi tufanyeje? Palipo na uwezo, fundi afunge valvu ya kuchanganya maji karibu na bafu, ili yanayomfikia mtu yasizidi nyuzi 49. Pasipo na uwezo huo, tufuate kanuni moja bila kuiruka: maji ya baridi kwanza, ya moto baadaye. Lita 5 za maji ya baridi ya nyuzi 15 zikiongezwa lita 5 za maji ya nyuzi 60 hutoa lita 10 za nyuzi 37 na nusu, joto linalomfaa mtoto mchanga. Koroga, kisha pima kwa kiwiko au upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Kiganja cha mama aliyezoea jiko hakihisi vizuri. Na mtoto asiachwe peke yake bafuni, hata kama mama anakwenda kuitikia hodi tu.

MAJI YAKIKATIKA

Katika miji na vijiji vyetu maji hukatika. Kwa hiyo kila anayewasha boila, awe baba, mama au msaidizi wa nyumbani, ashike mazoea haya: kabla ya kuwasha, fungua koki ya maji ya moto na uone maji yanatoka kwa nguvu yake ya kawaida. Yasipotoka, usiwashe.

Maji yakikatika moto ukiwa tayari unawaka, toa kuni na makaa yote, kisha ondoka hapo. Usimwage maji ya baridi ndani ya boila lililokauka na kuwa jekundu kwa moto, wala usifungue maji yaingie. Yatageuka mvuke kwa ghafula na kulipasua. Liache lipoe kabisa, mpaka kesho yake ikibidi.

HEWA YA SUMU

Kuni na mkaa visipoungua vizuri hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa oksijeni ingawa mtu anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, ulegevu na usingizi. Wengi hudhani ni malaria au uchovu. Tofauti moja ni hii: watu wote wa nyumba huumwa pamoja, na hupata nafuu wakitoka nje.

Ndiyo sababu ya kusisitiza kibanda cha nje na bomba la moshi lililo safi. Masizi, majani na viota vya ndege viondolewe angalau mara moja kwa mwaka kabla ya baridi kuanza. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje isifungwe bafuni. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa. Ukimkuta mtu amelegea, fungua milango, mtoe nje, na mpelekeni hospitali apewe oksijeni.

AKIUNGUA MTU

1. Mwondoe kwenye maji ya moto. Mvue nguo zilizolowa, pete na bangili, isipokuwa zilizogandamana na ngozi.

2. Mwagia mahali palipoungua maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Yanaweza kuwa ya bomba au ya kata na ndoo, mradi ni safi. Hatua hii ina faida hata ikichelewa, ndani ya saa tatu tangu kuungua. Usitumie barafu. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe, hasa kwa mtoto, asije akapata baridi.

3. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, asali, unga, matope wala mkojo. Vitu hivyo hushikilia joto au huingiza vijidudu, na hutulazimu sisi wauguzi kuvisugua kutoka kwenye kidonda huku mtoto analia. Usipasue malengelenge.

4. Funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi au plastiki safi ya kufunikia chakula, bila kukaza.

5. Mpeleke hospitali ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, ikiwa limeshika uso, mikono, nyayo, viungo au sehemu za siri, ikiwa amevuta mvuke, ikiwa ni la umeme, au ikiwa ni mtoto mdogo au mzee. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

MASWALI KWA FUNDI KABLA YA KUMLIPA

Kwa kumalizia, baba na mama wa nyumba wamwulize fundi maswali haya manne, naye awaonyeshe jibu kwa kidole:

Maji yakizidi kuchemka, yatatokea wapi? Kati ya boila na mdomo huo, pana koki yoyote inayoweza kufungwa? Moshi unatokea wapi? Tangi likiporomoka, litamwangukia nani?

Asipoweza kujibu, kazi haijaisha, na moto usiwashwe. Chakula cha mtoto hatumpi bila kukionja joto. Maji yake nayo tuyapime vivyo hivyo, kila siku, hata boila likiwa limezoeleka. Kinga ni bora kuliko tiba, na kovu la maji ya moto halifutiki.